Spika ya Kulia

Mimi ni mtu wa wivu. Nasema mapema ili asije mtu akadhani nimesingiziwa. Nikiwa mdogo nilimwonea wivu kaka yangu kwa sababu ng'ombe walimfuata yeye. Nimekuwa mtu mzima, nimempigia Mungu kinanda katika kanisa moja hapa Bariadi kwa miaka ishirini na sita, na bado siku watu wakitoka wanamsifu mhubiri badala ya wimbo wa komunyo, chakula cha mchana hakinishuki.

Kinanda chenyewe si hivi vya plastiki vinavyobebwa begani. Ni cha zamani, cha umeme, chenye sanduku la mbao, na kilikuja na padri mmoja mzungu aliyeondoka akakiacha. Kina safu mbili za vitufe kwa ajili ya mikono, na chini kuna mbao ndefu kwa ajili ya miguu. Mikono inapiga wimbo, mguu wa kushoto unapiga besi. Ukisikia besi nzito inatembea chini ya wimbo wetu, utageuka umtafute mpiga gitaa la besi. Hayupo. Ni mimi na soksi zangu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mguu wangu, isipokuwa mke wangu Milembe, naye aliuliza kwa nini soksi ya kushoto inatoboka upesi.

Kisha akaja Salu.

Alistaafu bendi ya jeshi miaka mitatu iliyopita, akarudi kutoka Dar es Salaam na begi moja la nguo na sanduku moja jeusi. Kwao ni Lingeka, kule Meatu, lakini alipanga chumba hapa mjini. Jumapili moja alikuja kuniomba apige pamoja nami wakati wa matoleo. Nikamwambia sawa, nikidhani atapiga pembeni kwa adabu. Alipoipuliza ile saksafoni mara ya kwanza, shingo zote kanisani ziligeuka, za wazee, za wanakwaya, hata ya mama mmoja ambaye tulijua fika kwamba shingo yake haigeuki. Ubaya ni kwamba na yangu iligeuka. Nilikosea noti mbili.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Nilimpenda yule mtu. Alikuwa na kanda za zamani za Wamarekani weusi, kinanda na saksafoni na ngoma basi, muziki alioniambia unaitwa soul-jazi. Niliposikia mara ya kwanza besi ya mguu ikitembea katika kanda ile, machozi yalinitoka, maana kumbe duniani kulikuwa na watu wengine wenye soksi kama zangu. Tukaanza kufanya mazoezi katika ukumbi wa parokia kila Jumanne na Alhamisi alasiri. Baada ya mwaka mmoja na nusu tulikuwa na nyimbo saba zetu wenyewe. Salu akasema, "Ng'wana Ndalahwa, tufanye albamu kabla hatujafa." Ng'wana ni mwana kwa Kisukuma; marehemu baba yangu aliitwa Ndalahwa, na Salu hakuwahi kuniita Marcelo hata siku moja.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa, kwa sababu bila hilo mtaniona mwendawazimu. Sisi Wasukuma tuna vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vinakutana uwanja mmoja siku moja, hawa huku na hawa kule, na vinacheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji wala alama. Watu wenyewe ndio wanaoamua kwa miguu yao. Kikundi kikichemka, watu wanahamia kwake, na kile kingine kinabaki kinachezea vumbi. Babu yangu alikuwa kiongozi wa Bagika. Babu yake Salu alikuwa wa Bagalu. Siku moja huko Lingeka watu wote walihama kutoka kwa babu yangu kwenda kwa babu yake, mpaka shangazi zetu. Babu alirudi nyumbani akaitundika ngozi yake ya kuchezea ukutani, na hakuishusha tena. Salu alinitania kwa habari hiyo karibu kila wiki, nami nikacheka naye kila wiki. Kucheka kwangu kulikuwa kwa meno tu.

Tulirekodi kwa Hamimu, kijana wa Somanda mwenye studio ya vyumba viwili iliyobandikwa magodoro ukutani. Kinanda kilipelekwa kwa guta, mimi nikitembea nyuma yake nimekishika kama ninasindikiza mgonjwa. Hamimu alipiga ngoma mwenyewe, na kila ilipofika saa ya swala alitupa mapumziko. Kazi ilituchukua majuma matatu.

Milembe alituletea chakula cha mchana. Hapo ndipo nilipoanza kumchoka Salu. Mahindi ya kuchoma, hataki. Nyama, anaisogeza pembeni. Anaomba uji, anaunywa polepole kwa upande mmoja wa mdomo, na kabla ya kurekodi anasukutua kwa maji ya chumvi kutoka kwenye chupa ndogo aliyokuja nayo. Nilimwambia mke wangu, "Mgeni wako wa Dar es Salaam anaringa. Chakula chetu hakimfai." Milembe akasema mbona yeye haoni maringo. Kesho yake akaja na uji wa ulezi uliotiwa karanga, ambao mimi huwa naupata nikiugua.

Wimbo wa tano uliitwa "Ng'washi", jina la mama yake Salu. Mama huyo alifariki Salu akiwa kikosini, na ruhusa ilipopatikana, akapanda basi, akafika Lingeka siku mbili baada ya maziko. Katikati ya wimbo kulikuwa na solo ya saksafoni ya dakika mbili na nusu. Mazoezini Salu alikuwa anaipiga kwa kubahatisha tu, leo hivi, kesho vile. Siku ya kurekodi aliipiga mara moja. Sijui niseme nini. Ilianza chini, kwa noti tatu zinazorudiarudia kama mtu anayeita mlangoni na hajibiwi, ikapanda, ikatetemeka mahali ambapo sijawahi kusikia ala yoyote ikitetemeka, ikashuka tena kwenye zile tatu. Hamimu aliacha vijiti vyake vimeegemea ngoma. Milembe alikuwa amesimama mlangoni na hotipoti kichwani, hakuitua. Salu akafuta uso wake na kusema, "Hiyo basi. Sitairudia."

Jioni ile ile, nikiwa navua viatu, nilimsikia Milembe jikoni anachambua mchicha huku anaimba kwa pua. Zile noti tatu. Miaka thelathini ya ndoa, na huyo mwanamke hajawahi kuimba mguu wangu.

Jumamosi iliyofuata Hamimu aliita majirani waje kusikiliza kazi kabla hajaimalizia. Aliweka spika mbili kubwa uani kwake, moja kila upande, na turubai la kivuli katikati. Walikuja wanakwaya wetu, vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani, na wenye maduka wa mtaa ule, jumla watu kama arobaini. Simu zilikatazwa kurekodi, kwa kuwa kazi mbili za Hamimu zilishavuja mitaani kabla ya wakati wake.

Hamimu akatangaza, "Kwa leo kinanda kiko spika ya kushoto peke yake. Saksafoni iko ya kulia. Ngoma nimeziweka pande zote."

"Kwa nini umetutenga?" nikamuuliza chini chini.

"Nimeombwa, mzee," akasema, na akaenda kubonyeza.

Nikajua ni Salu aliyeomba. Nikajua na sababu. Bagika huku, Bagalu kule, na mjukuu wa mshindi anataka kushinda mara ya pili.

Wimbo wa kwanza, watu walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Wa pili vilevile. Kwenye wa tatu nikaona vijana wawili wa bodaboda wanasogea, hawasogei kwa makusudi, wanaongea tu huku miguu inawapeleka. Halafu wanakwaya, wanakwaya wangu mimi, niliowafundisha kusoma noti! Ilipofika "Ng'washi" upande wangu walikuwa wamebaki mzee mmoja aliyesinzia, kuku, na Milembe. Zile noti tatu zikaanza. Milembe akafunga khanga yake vizuri, akavuka ua, akaenda kusimama mbele ya spika ya kulia na wenzake.

Mguu wangu ulikuwa unafanya kazi nzuri kuliko siku zote katika wimbo ule. Kuku aliusikia.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Hamimu peke yangu. Nilikuwa nimelala vizuri, nimevaa shati la Jumapili. Nikamwambia, "Ile solo ya 'Ng'washi' tunaiondoa. Nitapiga mimi ya kinanda mahali pake."

Hamimu akaacha chai yake. "Mzee Salu anajua?"

"Tumeshakubaliana. Anasema ilimshinda katikati."

"Mimi sikusikia ikimshinda."

"Wewe ni mpiga ngoma, Hamimu."

Hilo lilimnyamazisha, na nililisema ili limnyamazishe. Akasema muziki ni wetu, yeye ni fundi tu. Akauliza kama aiweke pembeni ile ya zamani. Diski yake ilikuwa imejaa, na alasiri ile alikuwa anatarajia watu wa kaswida. Nikasema, "Ya nini? Futa. Na kwenye pipa la taka la kompyuta ufute." Nikasimama nyuma ya kiti chake mpaka nikaona amefuta.

Kisha nikakaa kwenye kinanda nikapiga. Na ningependa niwaambie kwamba nilipiga vibaya. Nilipiga vizuri sana. Niliweka kila kitu ninachokijua, mikono miwili na mguu, na nilipomaliza Hamimu alitikisa kichwa na kusema, "Mzee, sikujua." Nikarudi nyumbani najisikia mrefu. Milembe aliuliza nimetoka wapi na shati la Jumapili. Nikasema parokiani.

Jumatano Salu alipiga hodi kwangu. "Mwadila, ng'wana Ndalahwa," akanisalimu, na sauti haikuwa yake. Uso ulikuwa umevimba, na alipotabasamu niliona mahali pa meno manne ya mbele, juu, pamejaa pamba.

"Umepigwa?"

"Nimeng'olewa. Jana." Akakaa, akachekea kiganjani. "Tangu mwezi wa pili daktari wa meno alikuwa ananiambia. Ufizi umeoza, meno yanacheza. Nikamwambia ngoja kwanza, nina kazi na ng'wana Ndalahwa. Nikawa nayashikilia kwa maji ya chumvi. Ile siku ya 'Ng'washi' yalikuwa yanatembea mdomoni kabisa, si ulisikia saksafoni inatetemeka? Hapo nilikuwa nalia, ndugu yangu, nusu kwa mama, nusu kwa meno."

Niliuliza kama atapiga tena. Akainua mabega. Atawekewa ya bandia, akasema, atakula ugali, lakini kuibana saksafoni ni habari nyingine. Labda mwakani, labda basi. "Sina neno. Nimeshaweka nilichotaka kuweka."

Milembe alileta uji. Salu akamshukuru, "Wabeja, mayu," akanywa kidogo, kisha akanigeukia tena kana kwamba amekumbuka jambo la furaha.

"Jumamosi ile, watu walikusikia mguu? Mimi ndiye nilimwambia Hamimu akitenge kinanda. Nimechoka watu kuniuliza mpiga besi wetu nani. Nikasema, mwache peke yake upande mmoja, watu wasogee waone besi inatoka wapi." Akatikisa kichwa. "Sikujua watakimbilia kwangu. Saksafoni ina kelele, ndiyo maana. Usijali, Jumamosi hii kwenye uzinduzi nitawasimamisha kwako kwa lazima."

Nilisema nakwenda chooni, nikapitia nyuma ya nyumba, nikachukua bodaboda mpaka Somanda.

Hamimu alinisikiliza akiwa amesimama. Aliposikia habari za meno alikaa. "Mzee, uliniambia mmekubaliana," akasema. Alijaribu mbinu zote anazozijua, siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, akitumia programu ya kufufua vilivyofutwa. Ilifufua vipande vya kaswida, tangazo la mbegu za pamba, na picha za harusi yake. Solo haikuwemo.

"Utamwambia wewe," akasema Ijumaa jioni. "Mimi nitaacha kila kitu kilivyo. Usipomwambia, kesho spika zitamwambia."

Nilikwenda kwa Salu Ijumaa hiyo hiyo. Nilimkuta anapiga pasi suruali. Akaniambia dada zake wawili wameshafika kutoka Lingeka, wako kwa jirani wanaoga, wamekuja kumsikia mama yao. Nikasema nimekuja kumwona tu. Nikaondoka.

Jumamosi uani kwa Hamimu palijaa, spika zimetengwa vilevile, na walikuja watu mara tatu ya siku ya kwanza, na wengi wao hawakuwa wamesikia wimbo hata mmoja. Dada zake Salu waliketishwa upande wa kulia. Salu akakaa karibu yao kwenye kiti cha plastiki, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, spika iko hatua moja kutoka sikioni kwake. Milembe alikuwa upande huo huo, anagawa maji.

Nyimbo nne zikapita. Watu wengi walikuwa kulia, kama mara ya kwanza, na wala sikuona wivu. Nilikuwa naomba umeme ukatike. Pale Bariadi umeme hukatika wakati mtu ananyoa ndevu, wakati wa mpira, wakati wa hotuba. Siku ile haukukatika.

"Ng'washi" ukaanza. Saksafoni ikaimba wimbo mara mbili. Salu akafumba macho. Halafu spika ya kulia ikabaki na ngoma tu, na kwenye spika ya kushoto nikaanza mimi.

Nimeshawaambia nilipiga vizuri. Watu waligeuka. Kijana mmoja akapiga mluzi. Wakaanza kusogea, kwanza wachache, kisha kundi zima, wakipita kushoto na kulia kwa kiti cha Salu, wanakuja kwangu. Wanakwaya wakaja. Vijana wa bodaboda wakaja wanacheza. Mtu mmoja akapaza sauti, "Sikilizeni huo mguu!" Miaka ishirini na sita nilikuwa nasubiri neno hilo. Hata dada mdogo wa Salu alisimama, akatazama huku na huku, akaja.

Salu alifumbua macho. Akaisogelea spika, akaweka sikio. Kisha akainama nyuma yake, akashika waya, akauchezesha taratibu, akausukuma ndani, akaweka sikio tena.

"Hamimu," akaita kwa ule mdomo wake usio na meno. "Waya huku umelegea."

Hamimu hakunyanyua kichwa. Akaita tena. Nikavuka ua mzima, nikipishana na watu wanaonipongeza begani, nikachuchumaa karibu yake nyuma ya spika.

"Salu, waya ni mzima."

"Haitoi saksafoni."

"Haimo. Nimeifuta mimi. Jumatatu. Nilimdanganya Hamimu kwamba tumekubaliana."

Aliendelea kuushika ule waya. Nilijiandaa kwa matusi, au ngumi, ningevipokea vyote kwa shukrani.

"Haiko mahali pengine?"

"Haiko."

Akasikiliza kidogo kinanda changu kinachotoka kule ng'ambo, sehemu ile ambapo mkono wa kulia unapanda na watu walikuwa wanashangilia. Alisikiliza kama fundi, kichwa upande.

"Ulipiga vizuri," akasema. "Mama yangu ulimjua?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unampigia nani?"

Nyuma yetu Milembe alikuwa ameweka jagi la maji chini. Alikuwa amesikia kila neno. Hakunitazama. Akaanza kuimba kwa pua, polepole, zile noti tatu, akapanda nazo kidogo, akakwama, maana alikuwa anajua mwanzo tu, akarudi akaanza upya.

Salu aliuachia waya. Akavuta kiti chake, akakigeuzia kwa mke wangu, akakaa akafumba macho. Dada yake mkubwa akasogea naye. Mimi nilibaki nimechuchumaa nyuma ya ile spika, na kule kwangu watu wote walikuwa wanapiga makofi.